Kugusa Sifuri

Swabra anapangusa meza kwa kiwiko, anatandika karatasi ya miraba
pale nilipotaka kuweka sinia la viazi karai.
"Mama, nishikie rula isiteleze."
Naishika. Vidole vyangu vina dengu na mafuta.

Magharibi imeshapita, Sarigoi imechangamka,
wateja wanaita ukwaju, yeye ananiitia namba:
"Eksi ikiwa hasi mbili, wai ni hasi kumi na sita."
Hasi kumi na sita ya nini? Shilingi?
"Ya kitu chochote, Mama. Ni nukta tu."
Mimi hasi naijua.
Ina daftari lake, jekundu, dukani kwa Abdulrab.

Anadonoa nukta kama atiaye chumvi:
hasi moja, sifuri. Sifuri, nne. Moja, mbili.
Mbili, sifuri tena. Tatu, nne.
Nne, ishirini –
na ishirini inatoka nje ya karatasi,
anachovya kidole katika rojo langu la bajia
agundishe karatasi ya pili juu ya ile ya kwanza.

Nasogeza rula nimsaidie kuunga.
"La! Polinomia haina kona.
Hupinda, haivunjiki."
Anavuta pumzi, anauachia mkono uende wenyewe.

Unatoka chini kabisa, kwenye deni,
unavuka mstari, unafika nne, unalegea,
unateremka taratibu hadi kwenye mbili
na hapo, badala ya kuzama,
unageuka.

"Mbona huo haukupita?"
"Mzizi umejirudia, Mama. Eksi toa mbili, mara eksi toa mbili.
Mzizi wa peke yake huvukwa. Uliojirudia huguswa tu.
Mwalimu Mwadime anasema hapo ndipo darasa zima huanguka,
kila mtu anauvusha."

Nimenyamaza, kijiko kiko hewani.
Mwaka waliotubomolea vibanda
kopo la maziwa nililowekea pesa nililitikisa, halikulia.
Sikukopa.
Watu husema nilikuwa na subira;
ukweli, hapakuwa na wa kunikopesha.
Niliamka na sifuri, nikalala na sifuri,
na kesho yake shoga yangu Mwanasiti akaniletea viazi debe moja
akasema vimemzidi.

Swabra anatia mshale kwenye ncha ya mkunjo.
"Huku unapanda tu. Hauna mwisho."
Hapo ndipo ninapobisha. Hata maji ya Tudor hujaa yakapwa.
"Maji ya Tudor si polinomia!
Hii ni digrii ya tatu: ikigeuka mara mbili, basi, imemaliza.
Bahari haimalizi kugeuka."

Mara mbili!
Najaribu kuhesabu mageuko yangu, vidole vya mkono havitoshi,
na bado sijafika alipozaliwa yeye.
"Basi mimi ni digrii ya ngapi?"
Anacheka mpaka penseli inaanguka,
nami nikiinama kuiokota
tone la mafuta linadondoka, pa!
tatu, moja. Mbali na mkunjo.

Analitazama. Natazama uso wake.
"Mwalimu atauliza hii ni nukta gani."
Mwambie ni mafuta.

Mtu anagonga sinia kwa sarafu.
Viazi vya hamsini, pilipili kando.