Glasi Mezani

Wamempa mama yangu kimono chenye maua ya cheri,
mama aliyevaa aproni ya gunia la unga
na kunuka mafuta ya taa Jumatatu hadi Jumatatu.
Wamempa na zeze refu, nyuzi kumi na tatu.
Letu lilikuwa la nyuzi tatu, ngozi imetoboka,
linaning'inia ukutani, panya wakilijua kuliko sisi.

Niko safu ya pili, sinema ya Miraflores.
Mtoto wa kaka ananigusa kiwiko:
"Shangazi, ndivyo ilivyokuwa?"
Tazama, namwambia. Tazama kwanza.

Kijana anayemwigiza Teodomiro ni mzuri kupita kiasi.
Gitaa analipiga kama yeye, hilo sikatai,
kidole gumba kikichelewa nyuma ya mdundo
kama mtu anayevaa kiatu huku anatembea.
Lakini akiketi mezani kula, anafungua kinywa
na Kijapani kinamtoka laini, kimepigwa pasi,
Kijapani cha redio ya Tokyo,
na mama wa filamu anamjibu, na wanacheka.

Nani alicheka?
Mama alikuwa mtu wa Okinawa. Jua aliliita *tiida*.
Kwa Wajapani wenzetu wa Lima lugha yake ilikuwa ya washamba,
kwa majirani ilikuwa ya maadui.
Mwaka wa arobaini walivunja duka, wakabeba hata mizani.
Kisha shule yetu ikafungwa,
na mama akazika vitabu chini ya banda la kuku,
na sauti yake akaizika karibu na hapo.
Toka siku hiyo alitusemesha Kihispania cha dukani:
kilo, nusu kilo, deni, kesho, hakuna.
Kwa hayo alitulea.

Teo aliimba valsi za Lima
hadi walevi wa Barrios Altos wakamwita mwana wa mtaa.
Kwenye santuri aliitwa Teo Miranda.
Yonamine likabaki kwenye cheti cha kuzaliwa, na kaburini.
Filamu inasema aliumia kulibadili:
anajitazama kiooni, nje mvua kubwa.
Mvua kubwa, Lima!
Alilibadili Jumanne, mkate wa nyama mkononi,
akasema, "Ni fupi. Litaenea kwenye jalada."

Kisha hospitali.
Hapa ukumbi mzima unatoa leso.
Mama wa filamu anasema dakika nne nzima,
kisiwa, mababu, nisamehe, imba,
na mwana anaelewa kila silabi.

Siku ya kweli, Kihispania kilikuwa kimemtoka mama chote
kama rangi ya kitambaa cha bei rahisi.
Kikabaki kile cha chini ya banda.
Alisema, akasema. Akarudia neno moja: *miji*. *Miji*.
Teo, mwenye valsi mia tatu kichwani,
alimshika mkono akajibu, ndiyo mama, ndiyo mama,
nami upande wa pili wa kitanda nikitikisa kichwa
kama mteja anayekubali bei asiyoisikia.
Mzee Chinen, fundi cherehani, angetutafsiria.
Tulikuwa tumemzika Pasaka.

Baada ya filamu, kwenye mvinyo na vipande vya jibini,
nikakutana na Natsuko, binti wa kutoka Naha,
aliyelipwa kumfundisha mwigizaji lugha ya mama.
Wiki sita alimfundisha. Kisha wakaifuta yote,
wakabandika Kijapani juu yake,
maana, alisema mtayarishaji, nani atajua tofauti?
Nikamuuliza neno langu. Nimelibeba miaka thelathini na moja
kama ufunguo wa nyumba iliyobomolewa.
"*Miji*?" akasema. "Maji, bibi. Ni maji tu."

Mwongozaji akaja na tabasamu lake.
Alitaka kujua kama wametutendea haki,
kama kuna chochote walichopatia.

Nikafikiri.
Kwenye onyesho la hospitali, nyuma ya bega la mwigizaji,
mtu wa mapambo ameweka glasi mezani,
imejaa hadi ukingoni,
na hakuna anayeigusa.

Ile, nikamwambia. Ile mmeipatia.