Pambizoni

Barua imetoka Unguja, muhuri wa zambarau:
vitabu vyote vihesabiwe, vipanguswe vumbi,
na maandishi ya wasomaji yafutwe.
Nimepewa raba mbili na wiki moja ya Julai.

Nimeanza na hiki kinene, kilichoachia uti,
historia ya watazama nyota wa kale
na vitabu vyao adimu, vya kufungiwa kwa funguo.
Mwandishi amezunguka miji kuvifunua kimoja kimoja,
si kwa kusoma kilichopigwa chapa,
bali kuona nani aliandika nini pembeni
miaka mia nne iliyopita:
kasisi aliyekata mstari kwa wino,
mwanafunzi aliyekosoa hesabu ya Mirihi,
mlevi mmoja aliyechora bata.
Anamsifu hata huyo wa bata. Kurasa mbili nzima.

Wetu wa Wete wana penseli.

Ukurasa wa 12, herufi za kulalia kushoto:
"Kizuri lakini kizito. Nimekisomea kitandani, kikaniangukia puani."

Wa 40, muuguzi wa zamu ya usiku,
ametia na sahihi, S. Mbarouk, Wodi ya Wazazi:
"Saa tisa nimetoka kibarazani kuhakikisha. Kweli. Imehama."
Hakusema ni ipi iliyohama.

Wa 77, palipo na orodha ya majina ya nyota,
mtu wa mizani ya karafuu, nadhani,
maana amejumlisha pishi ubavuni, kisha:

*Umetaja nyota zote
za Misiri na kokote
isipokuwa ya Wete
alolimia babangu.*

Na chini yake, mkono mwingine, maneno matatu:
"Mwongo wa nane."

Hapo ndipo ugomvi ulipozuka.
Kalamu nyekundu, kijana bila shaka:
"Nani mwongo? Mwandishi ana shahada tatu!"
Akajibiwa: "Mwongo ni weye usojua mwongo.
Siku kumi ndio mwongo mmoja, twahesabu tangu Nairuzi.
Wa nane, shamba liwe safi, vuli yaja.
Kamuulize bibi yako, Gando au popote alipo."

Nyekundu ikanyamaza kurasa thelathini na mbili.
Kwenye wa 109 imerudi, mwandiko umepungua ukubwa:
"Nimemuuliza. Anaijua yote thelathini na sita,
na zile siku tano za ziada.
Kwa nini hakuna aliyeniambia?"

Hapo hakujibiwa na mtu.

Yuko na msomaji asiye na kalamu,
aliingia kwa jalada la mbele, akatokea sura ya nne.
Nimeunyanyua ukurasa dirishani, kipupwe kikapenya na mwanga:
matundu matano, yamekusanyika kama Kilimia.
Lakini Kilimia siye twakihesabu sita.
Huyu alishiba mapema.

Raba nimeijaribu, sisemi sikuijaribu.
Nilianza na yule wa kitandani.
Nikafuta "puani", likabaki "kikaniangukia",
na mtu akabaki hivyo, chini ya kitabu,
hajulikani kaumia wapi.
Nikaona nimemdhulumu.
Nikachonga penseli nikamrudishia pua yake,
mwandiko wangu kando ya wake,
wa kwangu umesimama mno, kama mwanafunzi mbele ya bodi.

Kwenye fomu pana kijumba: YAMEFUTWA.
Nimetia alama.
Tarehe nimeandika wanayoitaka wao.
Pembeni, herufi ndogo kabisa,
nimeongeza ya kwetu, na ni kweli kwa kalenda,
nimehesabu kwa vidole mara mbili:

"Mwongo wa kwanza."

Atakayeifungua Unguja
na aisome atakavyo.