Nani Anamsuka

Nilikuona Alhamisi, Mize, ukitoka chuoni,
mtandio umeuvuta mpaka nyusini,
na jua la Wete lile halina haya.
Nikaufunua. Juu ya sikio
peupe, kiasi cha sarafu.

Jirani akasema jicho.
Bibi yako akasema mba, akaleta kombe.
Mimi nikazidisha mafuta, nikasuka upya,
nikakaza, pasionekane.

Daktari wa Chake hakuuliza jicho wala mba.
Aliuliza, "Nani anamsuka?"
Nikavitazama vidole vyangu.

Miaka mitano nimekubana magotini,
ukilia nakwambia uzuri ni udhia,
twende kilioni kila Ijumaa,
njia zimenyooka kama matuta ya muhogo,
na ngozi ya kipaji imevutika mpaka inameta.
Nikiona fahari.

Siku hizi ni chanuo la meno mapana,
maji, nazi kidogo,
na nywele zinalala zitakavyo.
Shangazi yako anauliza mbona mtoto yu timutimu.
Namwacha aulize.

Mwezi wa tatu huu.
Leo umenijia mbio na kioo:
"Mama, pameota malaika!"
Nimepapasa
kwa ncha ya kidole kimoja.