Mzizi Uko Ghorofa ya Chini

Diski zilitangulia kuondoka.
Nani alizing'oa, haikujulikana.
Mlinzi Tarieli alisema ni panya,
nasi hatukumbishia: kipupwe cha Mestia ni kirefu
na mtu hupenda kukaa vizuri na mlinzi.
Zikabaki kompyuta saba, vifua wazi,
waya zinaning'inia kama kamba za viatu vya mtoto.

Bi Tsiala, mwalimu mkuu, alinipigia simu Kutaisi.
"Pesa za diski sina. Njoo na maarifa."
Nikapanda milima na seva moja kuukuu ndani ya gunia.
Theluji ilifunga barabara mara mbili;
nikalala kwa watu nisiowajua,
nikalishwa jibini ya chumvi hadi nikaomba radhi,
nikafika Jumatano.

Sasa nikueleze, wewe uliyezoea
kila kichwa kiwe na ubongo wake.
Kompyuta isiyo na diski huamka mtupu.
Jina lake hailijui.
Hupiga ukelele kwenye kebo, kwa yeyote, kwa wote:
mimi ni nani?
Na seva, iliyo ghorofa ya chini kando ya jiko la kuni,
hupekua daftari lake, hujibu:
wewe ni wa tano.
Anwani yako hii. Kiini hiki, kimeze.
Ukishakimeza, mzizi usiutafute kifuani mwako,
mzizi uko kwangu.

"Nguo ya kuazima," nilijisemea, "haisitiri matako,"
na siku mbili methali ilinicheka.
Zote saba ziliitwa, zikaitika,
zikameza kiini, zikauona mzizi,
kisha zikagoma:
kusoma ruhusa, kuandika marufuku.
Hata nukta moja hazikuweza kuiweka.
Zilikuwa kama wageni walioketishwa mezani
wakaambiwa wanuse.

Nilibadili kebo. Nilibadili swichi.
Niliitukana swichi kwa Kigeorgia, kisha kwa Kirusi,
ambacho kina matusi marefu zaidi.

Nyuma yangu alisimama Mzekala, miaka kumi na mmoja,
anatafuna mkate, makombo yanamwagika begani kwangu.
Alikuwa akilisoma faili la ruhusa
kama wanavyosoma imla darasani, herufi kwa herufi.
"Hapa pana nafasi," akasema.
"Wapi?"
"Kati ya jina la mgeni na mabano yake."

Nafasi moja. Pengo lisilotosha hata chembe ya mkate.
Kwa pengo lile seva ilikuwa imeelewa hivi:
niliowaalika wakae mlangoni watazame,
na mpita njia yeyote duniani
apewe funguo, stoo, na kisu cha kukatia nyama.
Bi Tsiala alipoelezwa alishika kiuno.
"Katika nyumba ya Kisvani?
Futa aibu hiyo kabla jirani hajasikia."

Nikafuta. Nikawasha.
Saba zikaamka kwa zamu, kila moja na jina lake,
hakuna hata moja yenye kitu chake.

Ijumaa watoto waliandika insha.
Katikati ya insha skrini zote ziliganda.
Vidole vikaendelea, herufi hazikutokea,
na mstari mmoja ukajiandika chini, mweupe:
seva haijibu, bado najaribu.
Hazikuzima. Hazikulalamika.
Bado najaribu. Bado najaribu.
Nikashuka ngazi tatu tatu.
Tarieli alikuwa akifagia majivu,
kebo imezonga kwenye buti lake,
uso wake wa mtu aliyekwisha kushukiwa mara moja.
"Panya," nikamwambia, nikairudisha kebo mahali pake.

Juu nikasikia kelele.
Seva ipo, skrini zilisema,
na yote waliyoyachapa gizani
yakamwagika kwa mkupuo:
sentensi ya Mzekala kuhusu ng'ombe wao,
makosa yake mawili,
na nafasi zake zote, kila moja mahali pake.