Kiputo

Walinitaka kazi ya chekeche.
"Mzee Vuai, una jicho la sonara," alisema Daktari Mwatima,
"vijana hawa wananimwagia shanga pamoja na mchanga."
Basi nikaketi ukingoni mwa shimo, Unguja Ukuu,
nyuma ya banda la kuku la Bi Time,
nachekecha udongo kama mtu wa vitumbua achekechavyo unga.

Siku tatu: magamba ya chaza, miba ya changu,
vigae, jino la mbuzi, kizibo cha soda
(hicho cha juzi, kila mtu akacheka).

Siku ya nne, baada ya adhuhuri, kitu kikang'aa.
Si kung'aa kwa dhahabu. Dhahabu naijua, haina haya.
Hiki kilikuwa na haya:
rangi ya kisima ukichungulia saa sita,
upana wa ukucha wangu wa gumba.

"Bilauri," akasema Daktari. "Shingo ya kichupa cha mafuta mazuri.
Yaelekea kazi ya Warumi, au ya watu wa Sham
waliowafanyia Warumi kazi. Hebu ngoja, usikifute."

Mie nishakitia kwenye lenzi.

Kuizunguka shingo, fundi alipitisha uzi wa bilauri,
mwembamba, unywele wa mtoto mchanga,
mara tano. Mara tano, na bilauri ya moto haingoji:
ukikohoa imeganda, ukisita imekatika.
Mzunguko wa nne umeyumba.
Umeshuka kidogo, ukajirudi.
Nani alimwita? Mkewe? Mdai wake?
Au inzi tu, inzi wa Rumi,
alimtua shingoni wakati mikono haiwezi kumfukuza?
Angeweza kukivunja akaanza upya. Hakukivunja.
Namwelewa,
maana mkufu niliomfanyia Mize binti Pandu mwaka alioolewa
una pete moja niliyoilehemu kinyume.
Mize kauvaa miaka arubaini, kamwachia mwanawe,
wala hakuna ajuaye ila mie na Mola.

Kisha nikakiona. Ndani ya unene wa kioo,
chini ya pale uzi ulipoyumba: kiputo.
Mbegu ya ufuta, kimevutika kidogo
kufuata upande aliozungushia mkono.
Daktari anasema ni gesi ya tanuri.
Sibishani na aliyesoma.
Lakini mie naona mtu aliyekula mkate na kitunguu asubuhi ile,
akashika bomba, akavimbisha mashavu,
na punje moja ya pumzi ikapotea njia, ikabaki.

Nimepuliza na mie. Miaka thelathini na mmoja, Mkunazini,
mrija wa shaba mdomoni, ulimi wa moto mbele,
Fundi Himidi akinigonga kisogoni: taratibu,
huo moto, si uji, usiupoze.
Vipini, kekee, mitali, vipuli vya maharusi,
kila kiungo kimeshikana kwa pumzi yangu,
na pumzi yenyewe haikubaki hata moja.
Ilifanya kazi, ikatoka mlangoni kama kibarua.
Sasa mashavu yamelegea. Dhahabu ya mashine inaletwa kwa ndege,
imenyooka yote,
haina hata kosa la kumjulia aliyeitengeneza.

Fomu ina: Kina. Uzito. Rangi. Unene.
Daktari anajaza kwa penseli.
Nikamuuliza, "Fundi hana mstari wake?"
Akaniangalia. Akaiangalia fomu.
Chini kabisa, kwenye Mengineyo,
akaandika: *kiputo kimoja*.

Kabla hajakitia kwenye kifuko nikakisogeza mdomoni
nikakihemea. Mazoea tu,
ndivyo tufanyavyo kabla ya kusugua.

"Mzee Vuai!"

Kikafunikwa ukungu.
Wangu ukakaa kidogo, ukaanza kuliwa pembeni,
ukaisha.
Nikakipangusa kwa ncha ya msuli, nikachungulia tena.
Yake ipo.