Dakika Nne Juu ya Zabibu

Mizani nimeiazima kwa Mlewa, muuza dagaa;
sahani yake bado ina magamba.
Saa mbili usiku, Majengo, vibanda vinafungwa,
na mimi napima umeme kwa gramu.

Ya kwanza ni betri ya pikipiki.
Sikuiweka hata mizanini, nilicheka tu.
Huyo ni mgeni anayekuja na godoro lake:
kukaa atakaa, lakini nani atamnyanyua?

Nikeli, seli nane zilizofungwa utepe wa bluu,
nilizitoa kwenye drili ya fundi dari.
Ukizisahau mwezi mzima hazinuni.
Ukizikosea zinapata joto, basi, yameisha.
Gramu mia nne na arobaini.
Ndege yangu yote, mbawa hadi mkia,
niliyoichonga kwenye boksi jeupe la samaki wa Mwanza,
ni mia tatu na themanini.
Nikaziweka kando kwa adabu,
kama mtu anavyorudisha barua ya mposaji mwema.

Halafu zile za kompyuta.
Wizara zilipohamia huku zilikuja na makarani, mapazia,
na kompyuta mpakato zilizochoka njiani.
Nilizipasua nne, nikapata seli tatu hai.
Gramu mia na arobaini na tano! Na pumzi ndefu:
zingekaa angani nusu saa.
Lakini hizi ni za kuandikia barua,
zimezoea kutoa kidogo kidogo, kwa kibali.
Nilipovuta rimoti hadi mwisho mota iliguna,
volti zikaporomoka, propela ikazunguka
kama feni ya ofisi saa tisa alasiri.

Imebaki hii. Pakiti ya rangi ya fedha, laini,
ukiibonyeza utadhani ni maziwa.
Inatoa yote, papo hapo, haiulizi.
Ila ina miiko kuliko mganga:
seli isishuke chini ya volti tatu,
isipite nne na nukta mbili,
isitobolewe, isiachwe juani.
Na ukiiudhi haisemi. Inavimba.
Naichajia uani, ndani ya chungu chenye mchanga,
chungu ambacho mama alikuwa akipikia mlenda.
Mama anakitazama chungu, ananitazama mimi.
Hajauliza bado.
Wala hajui kwamba kodi ya kibanda
ndiyo ile imelala mchangani, inawaka taa ya kijani.

Jumatatu, Mpunguzi. Nimefunga kazi.
Upepo wa Agosti unabeba vumbi jekundu
na kuzumburu wananing'inia kwenye mashada
kama wao ndio waliopiga jembe.
Baba mdogo Chihoma ana swali moja:
"Itakaa juu muda gani?"
Dakika sita, nikasema. Saba, upepo ukipenda.
Alikunja uso. Alitaka kutwa.
Alitaka kitu kama mimi nilivyokuwa, miaka tisa,
nimesimama kwenye uwele na debe na fimbo,
shule ikiendelea bila mimi ng'ambo ya korongo.
Sasa debe analo Sechelela, bintiye.
Sare ya shule ameivaa, sijui kwa nini.

Nikairusha kwa mkono.
Ilizama.
Nikavuta yote, na ile pakiti ikatoa yote,
boksi la samaki likapanda likilia kama nyuki elfu,
likageuka juu ya mstari wa tatu wa mizabibu,
na kuzumburu wakaondoka kwa pamoja
kama kitenge kinachokung'utwa.

Dakika ya nne nikaishusha mwenyewe,
robo imebaki; nusu saa hatukuihitaji.
Hofu ya ndege haipimwi kwa saa,
hupimwa kwa ghafla.

Walirudi jua lilipofika utosini.
Sikudanganyi, walirudi, na betri nilikuwa na moja.
Lakini asubuhi nzima debe lilikaa chini, mdomo juu,
likikusanya vumbi.
Betri ilikuwa na joto la yai lililotagwa sasa hivi.
Nilimpa Sechelela aishike.
Aliipima kiganjani, akahamishia mkono wa pili,
akauliza ya pili ni bei gani.