Fungu

Barua ilitoka Tunguu, ikavuka kwa meli ya usiku:
tumepata fungu.
Milioni kumi na nane, miezi minane,
na sharti moja tu, idara tatu zikae meza moja
zitunge somo la ujasiriamali.

Shaame wa kemia alikuwa tayari, na Thuwaiba wa uhasibu.
Mimi wa Kiswahili nilitafutwa siku ya mwisho
kwa kuwa fomu ilikuwa na nafasi ya sahihi ya tatu.
Sikuchukia. Nimezoea kuitwa penye risala.

Tulikaa Chake, chumba cha juu,
feni moja, na gunia la makonyo ya karafuu
ambalo Shaame alilileta badala ya hoja.
Wiki nzima tukagombania neno.
Thuwaiba akisema mtaji, anaona fedha.
Mimi nikisikia mtaji naona bao,
kete iliyofika penye kula;
asiye na mtaji hutakata, azungushe kete, asubiri.
"Liandike hilo," akasema.
Likaingia wiki ya pili ya muhula.

Wakaja wanafunzi kumi na mmoja.
Asaa Kombo, wa Kojani, akayavuna mafuta ya makonyo kwa mvuke,
akapika sabuni, akaikata kwa uzi wa nyavu,
akaorodhesha ubaoni: magadi, mafuta ya nazi, kuni, karatasi.
Faida, mia tatu kwa kipande.

"Na nani aliyekoroga?" akauliza Thuwaiba.
"Mama."
"Umemlipa?"

Nikaisikia feni.
Asaa akafuta faida kwa kiganja,
akaliandika jina la mamaye chini ya kuni,
akabaki na hasara ya shilingi arobaini:
hesabu ya kwanza ya kweli
iliyonunuliwa na fedha zile.

Juni fungu likaisha.
Nasema fungu, na lugha yangu inanicheka.
Fungu ni nyanya tano juu ya kipande cha boksi, sokoni Wete.
Fungu ni mchanga unaochomoza maji yakitoka,
watu wakatembea, wakaokota kombe,
maji yakijaa
hapana kitu.

Ripoti inataka matokeo, nakala tatu.
Feni imekufa. Jumatano bado tunakutana,
madirisha wazi, chumba kinanuka karafuu.
Jana mama yake Asaa ametuletea sabuni tatu,
kila idara kipande chake,
bei mpya,
na risiti.